Umaskini wa Pwani: Ni Uvivu ama ni Ardhi?

Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa tumeketi barazani Kisauni, watu sita au saba hivi, kama ilivyo desturi yetu. Muuza kahawa hajamaliza kuzungusha vikombe, mzozo ukazuka. Kisa chenyewe kilikuwa kidogo tu. Mwenzetu mmoja alisimulia kwamba katika matatu aliyopanda asubuhi hiyo, abiria aliyeketi naye alimwambia Wapwani ni maskini kwa sababu wamezoea kulala chini ya mnazi wakingoja nazi ianguke.

Basi mzee mmoja, aliyefanya kazi bandarini zaidi ya miaka thelathini, akaweka kikombe chini. "Si uongo," akasema. "Tuseme kweli japo chungu. Vijana wetu kutwa wako maskani, shavu limejaa muguka. Kazi ya jembe hawaitaki, na ya kuajiriwa hawana cheti. Nani atawapa?"

Kijana mmoja aliyemaliza chuo kikuu, na ambaye hadi leo hajapata kazi, akamjibu kwa adabu lakini kwa moto. "Niwie radhi, mzee wangu. Hiyo kazi ya jembe, ifanywe juu ya ardhi ya nani?"

Hapo baraza likagawanyika. Mmoja akaleta habari ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, na jinsi makontena yalivyoamriwa yapakiwe moja kwa moja hadi Nairobi, wenye malori wa Mombasa wakabaki kutazamana, mpaka watu wakaandamana mwaka 2019. Mwingine akashikilia kwamba dawa ni elimu, na kwamba sisi tulichelewa kuwapeleka watoto shule. Mama mmoja auzaye viazi vya karai ng'ambo ya njia naye akatupia lake: kwamba wanaume hujadili umaskini mpaka jua likatua, hali wake zao wameshapika, wameshauza, na karo ya watoto wameshailipa. Tukacheka, kicheko cha aibu.

Kisha wakanigeukia mimi. "Wewe malenga umenyamaza. Haya, kaandike." Nimeandika, na wasomaji wangu watanivumilia nikichukua njia ya kuzunguka, kwa maana nina deni langu mwenyewe katika habari hii, nami nitalitaja mbele.

FAKIRI NA MASKINI

Kiswahili kina utajiri wa majina ya ukosefu. Tuna maskini, fakiri, mkata, mnyonge na hohehahe. Ndugu zetu wa Tanzania wakatuongezea kabwela na mlalahoi. Na Mwingereza akatuachia skwota. Maneno haya si mamoja. Nilipokuwa mtoto chuoni, mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alitusomesha kwamba katika mafungu manane ya watu wanaostahili zaka, fakiri ametajwa mbali na maskini ametajwa mbali. Wanavyuoni wamehitilafiana ni yupi kati ya wawili hawa aliye hoi zaidi. Wafuasi wa Imamu Shafi, ambao ndio sisi wengi wa upwa huu, husema fakiri ndiye hana kitu kabisa. Maskini anacho kitu lakini hakimtoshi. Hoja yao ni kile kisa kilichomo katika Sura ya Pango, cha watu waliokuwa na chombo chao wakifanya kazi baharini, na pamoja na hayo Kitabu kimewaita maskini. Chombo chao kilitobolewa makusudi na yule mja mwema aliyefuatana na Nabii Musa, kwa sababu mbele yao alikuwako mfalme anyakuaye kila chombo kwa nguvu.

Sisi watoto tulishangaa. Mtu ana jahazi, vipi akawa maskini? Mwalimu akatuambia: "Leo chombo ni chake. Kesho je, mfalme akitokea?" Tukaitikia, tukakunja juzuu zetu, tukakimbilia mpira. Ilinichukua miaka mingi kutambua kuwa mwalimu yule, asiyepata kusoma gazeti la siasa hata siku moja, alikuwa akitueleza habari za Kilifi na Kwale.

NENO LA KALE

Anayesema kwamba Mpwani hakujua kulima, na aulize habari za Malindi ya karne ya 19. Majahazi yalikuwa yakipakia mtama na ufuta kutoka Malindi kwenda hadi Arabuni. Ila tusione haya kuongeza lililo kweli: jasho lile lilikuwa la watumwa, na faida ililiwa na wenye mashamba, Waarabu na Waswahili. Mwaka 1907 sheria ilipoacha kuutambua utumwa katika pwani yetu, waliokombolewa walipewa uhuru bila shamba. Na mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi. Kila mwenye kudai kipande katika ukanda wa pwani alitakiwa afike mbele ya afisa na ushahidi wake. Waliokuwa na karatasi, na mashahidi wa kueleweka, na ujuzi wa mambo ya korti, walipata hati. Isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mwingereza. Mgiriama, Mchonyi au Mdigo, ambaye ardhi yake ilikuwa ya ukoo na mpaka wake ni mbuyu na kaburi la babu, dai la namna hiyo halikuwa na safu katika daftari. Na wajukuu wa watumwa nao wakajikuta wageni katika mashamba yaliyolimwa na wazee wao.

Sasa tazama mambo ya Wagiriama. Mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa wakulima hodari, hasa ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, nao wakiuza mahindi yao. Serikali ikawataka vibarua kwa ajili ya mashamba ya walowezi. Wao wakakataa, na kukataa kwao kulikuwa na akili: kwa nini mtu akalime shamba la mwingine kwa ujira mdogo, na hali lake linamtosha? Maafisa wakalalamika kwamba watu hawa hawapendi kazi. Hapa, msomaji, naomba usimame kidogo. Mtu aliitwa mvivu kwa sababu alikuwa akijilimia mwenyewe.

Mekatilili wa Menza alikuwa ameshawaapisha watu wasikubali. Mwaka 1914 Serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti, nyumba zikatiwa moto, mifugo ikatekwa, watu wakatozwa faini na kuhamishwa kutoka ng'ambo ile ya Sabaki yenye rutuba. Waliporuhusiwa kurudi miaka kadhaa baadaye, njaa ilikuwa imeshafanya kazi yake. Lakini lile neno "wavivu" lilibaki palepale, na leo limepanda matatu pamoja nasi.

DENI LANGU

Katika desturi ya pwani, ardhi yaweza kuwa ya mtu huyu na mti uliosimama juu yake ukawa wa mtu yule. Mnazi, mkorosho, mwembe, miti hii ni mali, huuzwa na hurithiwa. Na zaidi ya kuwa mali ni ushahidi. Mwenye shamba akitaka kumtoa aliyepanda, itambidi kwanza aulizwe: na miti hii je? Kwa hivyo wenye mashamba wengi wakawawekea maskwota sharti: lima mahindi, lima mhogo na mtama, lipa ijara yako kila mwaka, lakini mti wa kudumu usipande.

Atakayepima sharti hilo na apime miaka. Mhogo huliwa kabla ya mwaka au muda mchache baadaye. Mnazi wetu mrefu huchukua miaka sita au saba ndipo uzae, lakini ukishaanza huzaa miaka 60 na zaidi. Anayekatazwa kupanda mnazi hakukatazwa nazi peke yake. Amekatazwa kuwa na habari ya mwaka wa sitini.

Babu yangu mzaa baba alikuwa wakili wa shamba moja nyuma ya Malindi. Shamba halikuwa lake. Mwenyewe alikaa mbali, akionekana mara moja kwa mwaka, na kazi ya babu ilikuwa kukusanya ijara na kuangalia mipaka. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, wakati wa likizo, alinichukua nimbebee daftari, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kufifia na mimi nilikwisha kujua kuandika majina.

Tulifika kwa mzee mmoja wa Kigiriama. Alitutandikia mkeka, akatupa maji ya kunywa kwa kata. Ijara aliifungua kutoka pindo la shuka, noti zilizokunjwa ndogo kama hirizi. Nikaandika. Tulipoinuka kwenda zetu, babu akaona nyuma ya nyumba miche mitatu ya mkorosho imezungushiwa miba ili mbuzi wasiile. Hakupaza sauti. Aliondoa miba, akaing'oa miche mmoja mmoja, akailaza kando ya mlango kwa utaratibu, kama mtu arudishaye amana. Mzee yule hakutamka neno. Mkewe ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya chini, "Bwana, huu ulikuwa umeshatoa majani manne."

Njiani nilimwuliza babu kwa nini. Akanijibu, "Ukiuacha mti, mwakani shamba si la mwenyewe." Na usiku ule ule, akiwa barazani na wenziwe, nikamsikia kwa masikio yangu akisema kwamba watu wale ni wavivu, miaka nenda miaka rudi hawapandi kitu.

Simtaji babu ili kumvunjia heshima. Alikuwa mcha Mungu na mkarimu, na yeye mwenyewe hakuwa na kitu: nyumba aliyoifia ilikuwa yake kwa kuta na mapaa, lakini kiwanja ni cha mtu, akikilipia kodi kila mwezi. Nyumba za namna hiyo, nyumba bila ardhi, zimejaa Mombasa mitaa kwa mitaa, na hakuna benki itakayokukopesha kwa dhamana ya nyumba iliyosimama juu ya ruhusa ya mwingine. Namtaja kwa sababu siku ile niliona jinsi mvivu anavyotengenezwa, na mimi ndiye niliyeshika daftari. Miaka mingi baadaye nilitunga ubeti kwa ulimi wa mzee yule, nao sikupata kuuchapisha:

Waniambia mvivu, kivulini nimeshinda,
Nilipochimba kwa nguvu, wakili akaniwinda,
Kaung'oa kwa mabavu, mche nilioulinda,
Nitayatoa mabivu, mti gani nimepanda?

WAKUBWA NAO WALIBISHANA

Mabishano ya baraza letu si mageni. Wakubwa wa nchi waliyafanya kabla yetu, tena kwa gharama kubwa. Oktoba 1963, Mzee Jomo Kenyatta na Serikali ya Zanzibar walipokubaliana ukanda wa pwani uingie Kenya, katika ahadi zilizotolewa ilikuwemo ya kwamba hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa zitaheshimiwa. Bendera ikabadilika, daftari la 1908 likabaki.

Bara nako moto ulikuwa ukiwaka. Bildad Kaggia, Mbunge wa Kandara, aliyefungwa pamoja na Kenyatta Kapenguria, alisema wasio na ardhi wapewe bila kulipishwa, na kwa msimamo huo akauacha unaibu waziri mwaka 1964. Mwaka 1965, mbele ya umati huko kwao Kandara, Kenyatta akamwuliza hadharani yeye Kaggia amejifanyia nini, ilhali wenzake waliofungwa pamoja wamejipatia mashamba na biashara. Swali lile lilibeba siasa nzima: maskini ni yule asiyejitahidi, na dawa ni kila mtu avute jembe lake. Kaggia naye aliona umaskini una aliyeusababisha. Alikwenda na Oginga Odinga katika chama cha KPU mwaka 1966, chama kikapigwa marufuku mwaka 1969, na alipofariki mwaka 2005 hakuwa na utajiri wa kusimuliwa. J. M. Kariuki, ambaye yeye mali alikuwa nayo, alionya juu ya nchi ya matajiri wachache na mamilioni ya ombaomba, naye akauawa Machi 1975.

Mwaka ule ule wa 1965 ndipo ulipotoka Waraka Nambari 10 wa Ujamaa wa Kiafrika, ambao sahihi ya mawazo yake wengi humpa Tom Mboya. Waraka ulisema fedha za maendeleo ziwekwe kwanza pale penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, na penye watu walio tayari kuyapokea maendeleo, ili faida ienee kwingine baadaye. Mboya hakuwa mpumbavu. Nchi ilikuwa na fedha kidogo, na mkulima mwenye akili humwagia maji mche unaoshika kwanza. Lakini hilo fungu la "watu walio tayari" ndilo lililonikereketa tangu nilipolisoma. Nani alipima utayari huo, na kwa kipimo gani? Mtu aliyekatazwa mkorosho atahesabiwa kuwa hakuwa tayari.

Wako watakaosema, basi ardhi ingalitaifishwa yote, kama walivyofanya majirani. Haya, tuwatazame. Tanganyika iliufuta umilikaji wa kudumu wa watu binafsi mapema, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaandikwa kwa Kiswahili kizuri kuliko hotuba zetu zote. Hata humo Mwalimu Nyerere aliwakaripia wanaume wa vijijini kwa kukaa bure huku wanawake wakichoka. Yule mama wa viazi vya karai angefurahi kusikia. Na baada ya mwaka 1973 watu wakahamishwa kwa mamilioni kuingia vijijini, wengine wakiacha mikorosho yao nyuma. Umaskini haukuondoka. Ardhi ilikuwa ya wote, ila kesho ya mkulima ilikuwa bado mkononi mwa ofisa.

HATI NA KESHO

Kijana wetu wa barazani anaamini hati ndiyo dawa. Mimi namkubalia nusu. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilitoa taarifa yake mwaka 2004 juu ya ardhi za umma zilizogawiwa kinyume cha sheria, na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano mwaka 2013 ikayaandika malalamiko ya Pwani wazi wazi. Hati zimegawiwa, tena kwa ngoma na hema. Huko Likoni mwaka 2016, watu waliokuwa wakiishi katika shamba la ekari 930 walipewa hati baada ya Serikali kulinunua. Mwenye kulala kwa hofu ya tingatinga akaamka na karatasi. Anayelidharau jambo hilo hakupata kulala hivyo.

Lakini nimeshuhudia pia, katika skimu zaidi ya moja, karatasi ikikaa ndani ya nyumba miezi michache tu. Dalali huja na bahasha. Mtoto amefukuzwa shule kwa karo, mama yuko hospitali, na mtu aliyeishi miaka 50 kwa hesabu ya msimu hadi msimu hawezi kubadilisha hesabu kwa siku moja. Anauza, kisha anasogea ekari chache ndani zaidi, anakuwa skwota upya. Hapo yule abiria wa matatu hupata ushahidi wake wa pili: kwanza hawalimi, sasa wanauza.

Na mti wenyewe ukishapandwa wahitaji soko. Kilifi ilipata kiwanda cha korosho katika miaka ya 1970, watu wakapanda, wakasomesha. Kilipokufa katika miaka ya 1990 wachuuzi wakaja na mizani yao na bei yao. Mwaka 2009 Serikali ikazuia korosho ghafi kuuzwa nje, na bado mkorosho mwingi ni mzee, umechoka. Kiwanda cha sukari cha Ramisi, huko Kwale, kilikuwa kimetangulia kufungwa mwaka 1988. Anayetaka dawa ya umaskini wa Pwani asiniletee hati bila kiwanda, wala kiwanda bila hati.

Vipi kuhusu muguka wa yule mzee wa bandarini? Sitamkanusha. Mwaka 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na Taita Taveta walipojaribu kuupiga marufuku, niliwaunga mkono mimi, na mahakama ikausimamisha uamuzi wao. Kijana anayetafuna mpaka usiku wa manane ni mvivu, naam, kesho yake asubuhi. Ila nimewauliza baadhi yao wangefanya nini wakipewa ekari mbili za kudumu, na jibu halikuwa kutafuna.

Mwaka jana nilikwenda tena kule nyuma ya Malindi. Mzee yule na mkewe wamekwisha kufa, shamba limeuzwa na kuuzwa tena, na mwenye nalo sasa amesimika vigingi vya saruji. Nilimkuta mjukuu wao, mtu mzima mwenye watoto. Nilipojitambulisha alicheka. "Nakujua. Wewe ndiwe mtoto wa daftari. Bibi alikusimulia."

Shamba lake lilikuwa mhogo na mahindi, safi, halina gugu. Nikamwuliza kuhusu mikorosho. Akanipeleka nyuma ya nyumba, mahali pale pale. Palikuwa na miche ishirini na kitu, ya mkorosho na ya mnazi, kila mmoja ndani ya mfuko wa plastiki au kopo la rangi, imepangwa kivulini. Hakuna uliopandwa. "Nikihamishwa nitahama nayo," akaniambia.

Akainama anyanyue mmoja anionyeshe majani yake. Haukunyanyuka. Mizizi ilikuwa imeshatoboa mfuko ikaingia chini. Akautazama, akarudisha makuti yaliyokuwa yameufunika, tukaenda kunywa chai.